Maradhi Yajifichayo

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii, kama zilivyo nyingi za aina yake, humnyoshea mwanadamu kidole: mgonjwa ndiye mwenye siri, nacho kilio ndicho shahidi. Katika madarasa ya fasihi simulizi wanafunzi huifafanua hivyo, wakapewa alama zao, kisha wakaendelea na methali inayofuata. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo mgonjwa hayafichi kamwe. Huvua shati mbele ya kila tabibu, hununua kila dawa anayoshauriwa kununua, na bado maradhi hayo hayaonekani. Yenyewe ndiyo yajifichayo. Tena hujificha mahali palipo wazi kuliko pote mwilini, yaani juu ya ngozi.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili huko Olenguruone aliifundisha methali hiyo kwa muda wa miaka tisa bila ya kuitilia shaka. Shaka ilimwingia mwaka 2017, akiwa ameketi kwenye benchi la hospitali, mkononi ameshika karatasi yenye neno moja ambalo alitakiwa kumfasiria baba yake.

Olenguruone ni nchi ya baridi. Imelala kwenye nyanda za juu, upande wa kusini-magharibi wa Nakuru, ukingoni mwa msitu wa Mau. Asubuhi ukungu hutanda juu ya mashamba ya chai hata mchumaji asimwone mwenzake aliye safu ya pili. Baba wa mwalimu yule, ambaye hapa ataitwa Mzee, alikuwa mkulima wa chai na viazi, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na koti zito la sufu ambalo hakulivua toka Januari hadi Disemba. Katika baridi ya namna hiyo mwili wa mtu mzima hauonwi na yeyote ila mwenzake wa chumbani. Mkewe ndiye aliyeyaona mabaka kwanza, katika msimu wa mvua za masika wa mwaka 2016: mawili kwenye paja la kushoto, moja mgongoni, mekundu, yenye magamba membamba, yanayowasha usiku.

Jina la kwanza la ugonjwa ule lilikuwa choa. Lilitolewa na muuza dawa, naye hakuwa na kosa, kwani choa ni kingi, na bakaa la mviringo lenye magamba hufanana nacho kama shilingi kwa ya pili. Mzee alipaka dawa ya ukungu wa ngozi kwa mwezi mzima. Choa hakikuondoka. Jina la pili lilikuwa ukurutu, nalo lilitolewa katika zahanati pamoja na malhamu ya steroidi. Safari hii mabaka yalififia. Nyumba nzima ilimshukuru Mola. Baada ya majuma sita yakarudi, tena na wenzao.

Hapo ndipo ulipo ujanja wa maradhi haya. Malhamu ya steroidi huupoza mwasho na wekundu wa ukurutu, lakini vilevile huweza kuzipunguza kwa muda zile chembe mbaya zilizomo ngozini. Mgonjwa hupata nafuu, na nafuu hiyo huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba jina lilikuwa sahihi. Kumbe dawa imempaka mshukiwa chokaa usoni ili asitambulikane. Ndiyo sababu mabingwa wa ngozi hupenda mgonjwa aache kupaka malhamu hayo kwa majuma kadhaa kabla ya kukatwa kipande cha ngozi kwa ajili ya uchunguzi.

Majina mengine yakafuata. Palitajwa ukoma, Mzee akapapaswa mabaka kwa uzi wa pamba huku amefumba macho, akahisi kila mguso, na ukoma ukaachwa. Ikatajwa saratani ya Kaposi, ile inayoleta madoa ya zambarau na ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki waliifahamu kwa sababu ya UKIMWI. Mzee akapimwa virusi, akangoja majibu kwa aibu ambayo hakustahili kuibeba, na majibu yakasema hana. Mwishoni mwa mwaka vikaanza kutokea vinundu vya kina kwenye mapaja, vigumu, vyenye joto, vikiuma vikiguswa. Hivyo vikaitwa majipu. Kimoja kikapasuliwa. Hakikutoa usaha hata tone moja.

Wakati huo mwalimu alikuwa ameanza kuweka kumbukumbu. Kila mkulima hubeba daftari dogo aendapo zahanatini, na daftari la Mzee lilikuwa limejaa mwandiko wa haraka wa Kiingereza ambao mwenyewe hakuweza kuusoma. Mwalimu akanunua daftari la pili ili amwandikie baba yake habari za mwili wake kwa lugha anayoielewa. Ukurasa wa kwanza aliandika: "Madoadoa mekundu, paja la kushoto na mgongoni." Mzee akalitwaa, akasoma polepole, akalirudisha.

"Neno hilo usiliandike juu ya mwili wangu," akasema.

Kamusini neno hilo halina hatia. Doa ni alama juu ya kitu. Madoadoa ni alama nyingi zilizotawanyika, kama zilivyo juu ya manyoya ya kanga. Lakini katika Bonde la Ufa, tangu mapigano ya kikabila ya miaka ya mwanzo ya 1990, neno hilo lilitumiwa kuwaita watu wanaosemekana wametoka kwingine, ambao ilitakiwa waondolewe kama doa liondolewavyo kwenye nguo. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki yasiyofaa kutumiwa katika kampeni. Olenguruone haikuhitaji kungoja orodha hiyo. Huko watu walikuwa wamekwisha kuhamishwa na kubandikwa majina hata kabla ya uhuru: mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwaweka hapo Wagikuyu walioondolewa katika ardhi ya Wamaasai, na kabla ya muongo huo kwisha ikawafukuza kwa kukataa masharti yake. Mwaka 1992 Mzee aliziona nyumba za majirani zikiungua, naye alikumbuka ni neno gani lililotangulia moto.

Mwalimu alilifuta neno lile, akaandika "mabaka". Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuona kwamba hata kabla ya ugonjwa kupata jina, maneno yanayoueleza huwa yamekwisha kushika upande.

Na ni kweli yalikuwa yameshika upande. Ugonjwa usio na jina haukai bila ya jina kwa muda mrefu. Zahanati isipoupa, kijiji huupa. Mzee alikuwa na jirani ng'ambo ya kijito, mtu wa kabila jingine, mmoja wa wale waliofurushwa mwaka 1992 na wakarudi. Mwaka 2015 wawili hao waligombania mpaka wa shamba mbele ya chifu, na jirani, kwa uchungu, akasema maneno ambayo wazee waliyaona kuwa mazito. Sasa vinundu vilipozidi, baadhi ya watu wakaanza kuyakumbuka maneno hayo. Hapakuwa na aliyesema waziwazi. Ila jirani alipopita njiani salamu zilipungua, na vijana wawili wa ukoo wakaanza kuuliza maswali yenye ncha. Katika sehemu nyingine za nchi huenda jambo hili lingeonekana dogo. Olenguruone linaweza kuwa njiti ya kiberiti.

Tarehe 5 Disemba 2016 madaktari wa hospitali za serikali nchini Kenya walianza mgomo uliodumu siku 100. Katika siku hizo Mzee alianza kutokwa na jasho usiku, katika baridi ambayo wengine walijifunika blanketi tatu. Koti lake la sufu likaanza kuonekana kama la mtu mwingine. Kinundu kimoja kikafumuka na kuwa kidonda chenye kingo nyeusi.

Aliyemtazama Mzee wakati huo hakuwa daktari bingwa, bali afisa wa tiba aliyekuwa zamu, ambaye alikuwa amepata mafunzo ya magonjwa ya ngozi huko Moshi, Tanzania. Katika uwanja wa hospitali ya KCMC kuna kituo cha kikanda kilichofunguliwa mwaka 1992 mahususi kwa ajili ya kuwafundisha matabibu wa ngazi hiyo kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kwa kuwa mabingwa wa ngozi ni wachache na wagonjwa wa ngozi hawana idadi. Afisa yule hakuuliza "Hiki ni nini?" Aliomba daftari zote mbili, akazisoma kwa mpangilio wa tarehe, akauliza swali jingine.

"Mwalimu, hili jipu lilipopasuliwa lilitoa nini?"

"Damu kidogo tu."

"Na ukurutu huu, je, ulikuwapo kabla Mzee hajatimiza miaka hamsini?"

"Hata kidogo. Ulimwanza akiwa na miaka sitini na moja."

Afisa akaeleza kwa utaratibu. Ukurutu unaomwanza mtu uzeeni, ukakataa tiba, ni jambo la kutiliwa shaka. Jipu lisilo na usaha ni jambo la pili. Jasho la usiku, homa na kukonda ni la tatu. Kila moja peke yake lina jina la kawaida. Yote kwa pamoja katika mwili mmoja hayawezi kuwa na majina matatu. "Tukate kipande, Mzee," akasema. "Macho yangu yamefika mwisho wake."

Historia ya tiba katika Afrika Mashariki ina kisa kinachofanana na hiki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyekuwa amevimba taya pande zote mbili. Burkitt hakuwa amepata kuona kitu kama hicho. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye taya kama zile na uvimbe tumboni. Watoto wa namna hiyo walikuwapo siku zote. Lakini aliyeona taya aliandika saratani ya taya, na aliyeona tumbo akaandika ya tumbo. Hapakuwa na aliyeweka kurasa hizo pamoja. Burkitt alizipekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha makala iliyouita ugonjwa ule sarkoma ya taya. Jina hilo nalo halikuwa la mwisho. Wanapatholojia wa Mulago, Jack Davies na Gregory O'Conor, waliviangalia vipande kwa hadubini, wakaonyesha kuwa uvimbe wote huo ulikuwa limfoma, saratani ya chembe za kinga ya mwili. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000, wakipita hospitali hadi hospitali kuuliza wapi ugonjwa huo unaonekana na wapi hauonekani. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wameona virusi katika chembe za uvimbe zilizotoka Uganda. Mwaka 1967 ikaanzishwa taasisi ya saratani mjini Kampala, na limfoma ya Burkitt ikawa miongoni mwa saratani za mwanzo kuonyesha kuwa zaweza kuponywa kwa dawa pekee.

Kwa hiyo jina halikuwa pambo. Maadamu ugonjwa uliitwa uvimbe wa taya, dawa yake ilikuwa kisu, na kisu hakikuwaponya watoto. Ulipoitwa limfoma, dawa yake ikabadilika.

Limfoma za ngozi zina historia ndefu zaidi ya majina yaliyopotoka. Mwaka 1806, mjini Paris, daktari Jean-Louis Alibert alieleza habari za mgonjwa aliyeota vivimbe mithili ya uyoga. Kutokana na mfanano huo ugonjwa ukaitwa mikosisi fungoidesi, na hadi leo limfoma ya ngozi iliyo ya kawaida kuliko nyingine zote hubeba jina la uyoga ingawa haina uhusiano wowote na uyoga wala ukungu. Ugonjwa huo mara nyingi huenda polepole. Hata katika nchi zenye mabingwa na mashine, utafiti wa kimataifa uliwahi kuonyesha kuwa nusu ya wagonjwa walikuwa wamekaa na dalili kwa miezi 36 au zaidi kabla ya kutambuliwa. Basi kuchelewa kwa Mzee kusichukuliwe kuwa ni kwa sababu ya umbali wa Olenguruone tu.

Kipande cha kwanza cha Mzee kilikatwa kwenye bakaa, kikatiwa katika kichupa cha formalini, kikaenda Nakuru. Majibu yalirudi: uvimbe sugu wa ngozi, hakuna saratani iliyoonekana. Nyumba ilifurahi kwa mara ya pili. Afisa hakufurahi. Alimwambia mwalimu kwamba jibu hilo lilikuwa la kweli kuhusu kipande, si kuhusu Mzee. Kipande kilikuwa cha juujuu, ilhali ugonjwa, kwa jinsi vinundu vilivyokaa, ulikuwa chini, katika tabaka la mafuta. Mgomo ulipokwisha katikati ya Machi 2017, mpasuaji akatia ganzi na kukata kipande cha pili kwenye ukingo wa kinundu kilichokuwa hakijafumuka, kirefu na cha kina hadi kwenye mafuta.

Safari hii mwanapatholojia aliona chembe zisizo za kawaida zikiwa zimejipanga kuzizunguka chembe za mafuta. Lakini kuziona hakutoshi kuzijua. Chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili, zina koo nyingi, na chini ya hadubini nyingi hufanana. Ili kuzitenganisha, vipande vyembamba kama ganda la kitunguu hupakwa kingamwili maalumu, kila aina ikiwa na alama inayoitambua. Penye alama hiyo hutokea rangi ya kahawia. Kazi hiyo ilifanywa Nairobi, na baadhi ya vipimo vikapelekwa ng'ambo. Alama ya chembe B haikuonekana. Alama ya chembe T, zile zinazokomaa katika tezi ya thimasi kifuani, ilionekana. Vikatafutwa hata virusi vile alivyovitangaza Epstein mwaka 1964, kwa kuwa ipo limfoma nyingine kali inayoweza kuanzia ngozini na ambayo hufuatana navyo. Havikuwamo. Mwisho ikaonekana alama ya ukoo mdogo wa chembe T uitwao gama-delta.

Jina likawa limepatikana: limfoma ya chembe T za gama-delta iliyoanzia ngozini. Kati ya limfoma za ngozi 100, huwa takriban moja tu. Shirika la Afya Duniani liliitambua kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 2008, yaani miaka 9 tu kabla ya kumfika Mzee. Ni kali, hukaidi dawa, na wagonjwa wengi hawavuki miaka miwili.

Hayo yote daktari aliyaeleza kwa Kiingereza, kwa upole, akimtazama mwalimu. Kisha akasema, "Mwalimu, mweleze Mzee," akatoka kidogo ili kuwapa faragha.

Mwalimu alikuwa amesomea istilahi chuoni. Alijua njia za kuunda neno: kutohoa, kufasiri, kupanua maana, kuunganisha. Aliwahi kuandika insha juu ya neno saratani lenyewe, jinsi lilivyotokana na Kiarabu likimaanisha kaa wa baharini, na jinsi Wagiriki wa kale nao walivyoupa ugonjwa huo jina la kaa. Pale bencheni elimu hiyo yote ilimpa maneno matatu, na yote matatu yalikuwa na kasoro. Akisema kansa ya ngozi, Mzee angemfikiria jirani yao aliyekatwa uvimbe sikioni akapona. Akisema saratani ya damu, angefikiria mtoto wa kanisani aliyekufa akitokwa na damu puani. Akisema ya tezi, Mzee angejipapasa shingo na kinena, asipate mtoki wala tezi iliyovimba, akafikiri madaktari wamekosea. Akitohoa tu, aseme limfoma, angekuwa amempa baba yake sauti isiyo na kitu ndani.

Kulikuwa na njia ya tano, ambayo haimo vitabuni lakini ndiyo hutumiwa zaidi: kusema "ni ugonjwa wa ngozi, Baba, watakupa dawa". Mwalimu alifungua kinywa ili aseme hivyo.

"Usinipunguzie," Mzee akasema kabla hajasema lolote. "Umekuwa ukiniandikia daftari mwaka mzima. Sema kama ulivyoandikiwa."

Basi mwalimu akaacha kutafuta neno, akatafuta maelezo. Alimwambia kwamba ndani ya mwili kuna walinzi wanaozunguka usiku na mchana kukamata magonjwa. Kwamba baadhi yao huishi ngozini, kwenye mpaka. Na kwamba katika mwili wake ukoo mmoja wa walinzi hao ulikuwa umeharibika, unazaana bila ya kupokea amri, unaila ngozi na mafuta uliyowekwa kuyalinda. Ni aina ya saratani. Ni kali. Dawa ipo, ila yaweza kushindwa.

Mzee alikaa kimya. Kisha akauliza, "Mlinzi mwenyewe ndiye aliyegeuka?"

"Ndiyo, Baba."

"Hakuna aliyetoka nje akaingia?"

"Hakuna. Vipimo vimetafuta."

"Basi si mkono wa mtu."

Mwalimu hakuwa amemtajia baba yake habari ya maneno ya kijijini. Alidhani yamemfikia yeye peke yake.

Jioni ile waliporejea Olenguruone, Mzee hakuingia nyumbani kwanza. Alimtuma mwanawe ng'ambo ya kijito amwite jirani, na akawaita pia wale vijana wawili wa ukoo. Wote walipoketi, akavua koti, akapandisha shati, akawaonyesha. Akaeleza habari za walinzi walioasi, karibu kwa maneno yaleyale ya bencheni. Alipomaliza akasema, "Nimewaita mlisikie jina kutoka kwangu, ili asiwepo atakayeupa ugonjwa huu jina lingine nikiwa siwezi kusema." Jirani hakujibu. Aliinuka, akamsaidia Mzee kuvaa koti.

Mzee alianza tiba ya dawa za saratani katika hospitali ya rufaa mwezi wa Mei mwaka 2017, dawa nne kwa mpigo, kila baada ya majuma matatu. Duru ya kwanza na ya pili vinundu vililainika na kidonda kikaanza kufunga. Mwezi wa Juni wauguzi wa hospitali za serikali nao waligoma, hadi Novemba, na familia ikalazimika kuuza ng'ombe mmoja ili duru zilizofuata zifanyike kwingine. Kufikia duru ya tano vinundu vipya vilikuwa vikitokea mikononi. Daktari alieleza kwamba pangeweza kujaribiwa dawa nyingine, nzito zaidi, kwa matumaini madogo. Mzee aliuliza matumaini hayo ni madogo kiasi gani, akajibiwa bila ya kufichwa, akachagua kurudi kwenye chai yake. Alipewa morfini ya kunywa kwa ajili ya maumivu. Alifariki mwezi wa Februari mwaka 2018, nyumbani, mkewe akiwa ameketi kando yake. Jirani alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa mwisho ulikuwa huo, utambuzi ulileta faida gani? Swali hili ni la haki na lisijibiwe kwa wepesi. Jina sahihi halikumwokoa Mzee, na huenda lingepatikana miezi sita mapema bado lisingemwokoa, kwa ukali wa ugonjwa wenyewe. Lakini lilimwondolea dawa zisizo na kazi. Lilimpa nafasi ya kuchagua namna ya kuzitumia siku zake, jambo ambalo mgonjwa aliyedanganywa hanalo. Na ng'ambo ya kijito lilimwondolea mtu mwingine kosa ambalo hakulitenda, katika mahali ambapo makosa ya kubandikwa yamewahi kuchoma nyumba.

Jambo moja linabaki kwa wapenzi wa Kiswahili. Istilahi za tiba zimeandikwa. Kamusi ya Tiba ya TUKI ilitoka mwaka 2003, na kazi nyingine zimefuata. Lakini kati ya kamusi iliyomo maktabani na benchi lililomo hospitalini kuna mwendo ambao kila siku hutembewa na mtu mmoja mmoja asiyeandaliwa: mtoto, mke, muuguzi, mfagizi wa wodi. Mtu huyo hupewa dakika tano afasiri neno litakalobadilisha maisha ya mwenzake. Ikiwa wanaosomea lugha hii hawatamwandalia maneno, na zaidi ya maneno, mifano na maelezo ambayo mkulima anaweza kuyapokea na kuyarudia kwa jirani yake, basi atatumia njia ile ya tano. Atasema ni ugonjwa wa ngozi tu.

Mwalimu bado anafundisha huko Olenguruone. Kila mwaka methali ile huja na zamu yake. Mwanafunzi husimama, akaifafanua kama ilivyofafanuliwa tangu zamani: usifiche ugonjwa wako, utaumbuka. Mwalimu humpa alama zake. Kisha huwauliza darasa zima swali ambalo halimo katika kitabu cha mwongozo: kama mgonjwa hakuficha, na tabibu alitazama, ni nani aliyeficha? Huwaacha wafikiri hadi kengele ilie.